Mzee wa miaka 80 kwenye theluji anashindana na nani?

Chukua karatasi ya matokeo ya mashindano yoyote makubwa ya maveterani wa skii ya nyika, uisome kuanzia juu hadi chini. Utakuta alama kama M5, M9, F8, M12. Utakuta mtu ameshika nafasi ya kwanza kwa muda ambao, kurasa mbili nyuma, ulimfanya mwingine awe wa arobaini. Utakuta wengine wamekwenda kilomita 30 na wengine 10, na wote wamevishwa medali za rangi ileile siku ileile. Asiyeujua mchezo huu atajiuliza swali la haki kabisa: hapa nani amemshinda nani?

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu ameshindana na rika lake. Ni jibu sahihi, ila limefunika mambo mengi, na hayo yaliyofunikwa ndiyo yanayonifanya niupende mchezo huu kuliko michezo mingine ya wazee.

Tuanze na mchezo wenyewe. Tukisikia skii, wengi tunapata picha ya mtu anayeporomoka mlimani kwa kasi ya gari, miguu imefungwa barabara kwenye mbao mbili. Huo ni mchezo mwingine. Skii ya nyika ni ndugu wa mbio za nyika: kuna tambarare, kuna vilima vya kupanda, kuna miteremko, na kinachokusogeza kwa sehemu kubwa ya safari ni misuli yako mwenyewe. Skii zake ni ndefu, nyembamba na nyepesi. Kiatu hushikwa mbele tu, kwenye vidole, na kisigino hubaki huru kuinuka kama cha mtu anayetembea. Mikononi kuna fimbo mbili, na kazi ya fimbo hizo si kumzuia mtu asianguke. Ni sehemu ya injini. Mtelezaji mzuri husukuma kwa miguu, mgongo, tumbo na mabega kwa wakati mmoja, na ndiyo maana watu wa mchezo huu ni miongoni mwa wanariadha wenye mapafu na mioyo yenye nguvu kuliko wote waliowahi kupimwa.

Mitindo ni miwili. Wa klasiki ndio wa kale: skii hupita ndani ya michirizi miwili inayokatwa na mashine kwenye theluji, mguu mmoja unasukuma, mwingine unateleza, mkono wa kulia unakwenda na mguu wa kushoto. Mtindo huru unafanana na kuteleza kwenye barafu kwa viatu vya makali: skii zinafunguka kama herufi V na kila hatua inasukuma kwa pembeni. Mtindo huru una kasi zaidi, na ni mgeni. Pauli Siitonen wa Ufini alitumia umbo lake la awali katika mbio ndefu za miaka ya 1970, mguu mmoja ukiwa ndani ya mchirizi na mwingine ukisukuma nje. Bill Koch wa Marekani aliutumia akatwaa Kombe la Dunia mwaka 1982. Kabla muongo huo haujaisha, Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, lilikuwa limeshalazimika kutenganisha mbio za klasiki na za mtindo huru.

Historia hiyo fupi inawahusu wazee moja kwa moja. Mtu aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 37 Koch alipotwaa kombe. Kwake klasiki ni lugha ya mama, na mtindo huru ni lugha aliyojifunza ukubwani, ikiwa alijifunza kabisa. Kwa hiyo katika mashindano ya dunia ya maveterani mbio huandaliwa kwa mitindo yote miwili, na mshiriki huchagua ule anaoumudu. Anayeona hilo kama kuwadekeza wazee hajafikiria vizuri. Bila uchaguzi huo, karatasi ya matokeo ingepima mwaka wa kuzaliwa wa mchezaji na kusahau kupima uwezo wake.

Rika, na hesabu zake

Mashindano hayo ya dunia husimamiwa na chama cha kimataifa cha maveterani wa skii ya nyika, kinachofahamika kwa kifupi chake WMA, na hufanyika kila majira ya baridi katika nchi tofauti. Mwaka 2018 yalifanyika Minneapolis, Marekani. 2022 yalikuwa Canmore, Kanada. 2023 Seefeld, Austria. 2024 Vuokatti, Ufini. Mlango uko wazi kwa kila aliyefikisha miaka 30. Hakuna muda wa kufikia kwanza ndipo uruhusiwe, kwa hiyo bingwa wa zamani wa Olimpiki anaweza kujikuta amesimama kwenye mstari mmoja na fundi bomba mstaafu aliyeanza kuteleza akiwa na miaka 50.

Marika hukatwa kwa miaka mitano mitano. M1 ni wanaume wa miaka 30 hadi 34, M2 ni 35 hadi 39, na kuendelea hivyo hadi M12, wenye 85 hadi 89, kisha M13 kwa wote wenye 90 na zaidi. Wanawake hufuata ngazi hizohizo kwa herufi F. Kadiri rika linavyopanda, ndivyo umbali unavyopungua: mbio ndefu ya vijana wa kundi hilo, ikiwa vijana ni neno la kumwita mtu wa miaka 40, inaweza kuwa mara mbili ya ile wanayopewa wenye miaka 80.

Kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa, si tarehe ya siku ya kuzaliwa. Jambo hili dogo la ofisini linazaa tabia ambayo huikuti kwa urahisi kwingineko: watu wanaosubiri uzee kwa hamu. Mwenye miaka 74 ni mzee wa rika lake, anapambana na wenye 70 ambao miguu yao ina nafuu ya miaka minne. Kalenda ikigeuka anaingia M10, na ghafla yeye ndiye kijana. Mazoezi ya mwaka huo huwa na shauku ya pekee, na wapinzani wake wapya wanajua anakuja.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza ya mfumo. Miaka mitano haina uzito sawa kila mahali. Kati ya 40 na 44 mtu anayejitunza hapotezi kitu cha kutisha. Kati ya 80 na 84 mwili unaweza kubadilika kama umehama nyumba. Kukata marika kwa kipimo kimoja kutoka chini hadi juu ni kurahisisha, na nadhani ipo siku wenye mamlaka watalazimika kufikiria upya marika ya juu. Shida ni kwamba ukiyakata membamba zaidi, kila rika litabaki na mtu mmoja.

Mbio kubwa za umma zimejaribu njia nyingine. Nchini Norwe kuna Birkebeinerrennet, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, iliyoanza mwaka 1932. Kila mshiriki hubeba mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5, kwa kumbukumbu ya wapiganaji wawili waliomtorosha mtoto mchanga wa kifalme, Haakon Haakonsson, kupitia milima hiyo mwaka 1206. Uzito huo unasimama mahali pa mtoto. Heshima inayowindwa na maelfu ya watu pale ni alama ambayo Wanorwe huiita kwa urahisi tu «merket», yaani ile alama. Ili uipate, huchukuliwa wastani wa muda wa watu watano wa kwanza katika rika lako, ikaongezwa robo yake, na wewe lazima umalize ndani ya hapo. Mwenye miaka 72 hapimwi kwa mwenye miaka 30, ila hapimwi pia kwa huruma. Anapimwa kwa wazee watano wakali kuliko wote waliojitokeza mwaka huo.

Vasaloppet ya Uswidi inafuata fikra nyingine. Ni kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora kila mwanzo wa Machi, tangu mwaka 1922, na medali hupewa wanaomaliza ndani ya muda wa mshindi ukiongezewa nusu yake. Umri hauulizwi. Kwa mzee wa miaka 70, medali hiyo ni mlima mkubwa sana. Lakini Vasaloppet ina heshima nyingine ambayo kijana hawezi kuipata hata awe na mapafu ya farasi: ukimaliza mbio hizo mara 30, unaitwa veterani wa Vasaloppet. Hapo neno veterani halihesabu miaka ya mtu, linahesabu mara alizofika Mora. American Birkebeiner ya Wisconsin, iliyoanza mwaka 1973, ina klabu ya namna hiyo kwa waliomaliza mara 20.

Binafsi hesabu ya Norwe ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu inamfanya mzee awe na jambo la kukosa. Mashindano ambayo huwezi kushindwa hayana ladha.

Mwili unapoteza nini, na wapi

Kipimo kinachotajwa zaidi katika michezo ya pumzi ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika, kikigawanywa kwa uzito wa mtu. Baada ya miaka 30, mtu asiyefanya mazoezi hupoteza takriban asilimia 10 ya uwezo huo kila muongo. Sababu moja haina dawa: mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka na umri, ufanye mazoezi usifanye. Kanuni ya makadirio inayotumika sana inasema chukua 208, utoe umri uliozidishwa kwa 0.7. Mwenye miaka 30 anafika karibu 187. Mwenye 80 anafika 152. Injini ileile, mizunguko michache zaidi.

Lakini kuna mengine yanayoweza kulindwa: kiasi cha damu kinachosukumwa na kila pigo, mishipa midogo inayolisha misuli, na uwezo wa misuli kuitumia ile oksijeni inapofika. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya wanaume 9 wa Uswidi wenye wastani wa miaka 81, watelezaji na wanariadha wa pumzi wa maisha yao yote. Walikutwa na wastani wa mililita 38 kwa kilo kwa dakika. Wanaume wa umri huo wenye afya lakini wasiofanya mazoezi walikuwa na 21. Namba hiyo ya pili inatisha ukijua kwamba mahali fulani kwenye 17 au 18 ndipo kazi za kawaida za kujihudumia zinapoanza kuwa nzito. Yaani mmoja yuko karibu na ukingo, na mwenzake wa rika lilelile ana uwezo wa karibu mara mbili.

Nguvu ya ghafla huondoka mapema kuliko pumzi. Nyuzi za misuli zenye kasi, zile za kuruka na kukurupuka, hupungua kabla ya zile za polepole. Njiani hilo linaonekana waziwazi. Mzee aliyefunzwa vizuri akiwa kwenye tambarare ndefu, klasiki, theluji nzuri, utamfuata kwa shida. Mfikishe kwenye kilima kifupi kikali, panapotaka hatua sita za nguvu, na hapo muda unamponyoka. Hali ni hiyohiyo kwenye kusukuma kwa fimbo zote mbili kwa pamoja, mbinu ambayo siku hizi imetawala mbio ndefu za klasiki na inayodai mabega na tumbo kuliko miguu. Makocha wa maveterani wamelielewa hili, na ushauri wao mwaka hadi mwaka ni uleule: inua vyuma. Kuteleza peke yake hakulindi misuli ya kasi, wala hakuipi mifupa mshtuko unaohitajika ili ibaki migumu.

Na mshtuko ni neno la kulisimamia kidogo. Mkimbiaji wa barabarani hupokea kishindo kila anapotua, na uzito wa kishindo hicho huzidi uzito wa mwili wake mara kadhaa. Mtelezaji hatui, anapita. Goti lililochakaa linaweza kumfukuza mtu kwenye mbio za miguu akiwa na miaka 55, kisha likamvumilia kwenye skii kwa miaka 20 mingine. Wengi katika marika ya juu walifika kwa njia hiyo.

Kuna akiba nyingine ambayo maabara haiipimi kwa urahisi, nayo ni ufundi. Wengi wanaikumbuka Nagano, Olimpiki ya 1998, kilomita 10 za klasiki. Bjørn Dæhlie wa Norwe alimaliza kwa dakika 27 na sekunde kadhaa. Philip Boit wa Kenya alimaliza wa mwisho kwa dakika 47, na Dæhlie alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Tukio hilo husimuliwa kama kisa cha utu, na ni kisa cha utu kweli. Mimi huliona pia kama somo la ufundi. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mapafu na moyo alikuwa navyo, tena vya kutosha. Alichokosa ni miaka kwenye theluji: kujua uzito uhamie lini kutoka skii moja hadi nyingine, skii iachwe iteleze kwa muda gani kabla ya kusukuma tena, mwili uinamie wapi. Alikuwa na majira mawili tu ya kujifunza. Sasa mgeuze huyo: mtu ambaye mapafu yake yamepungua lakini ana majira 60 ya theluji mwilini. Kila hatua yake inaenda mbali zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Ufundi huo huzeeka polepole kuliko kitu chochote kingine alichonacho.

Ndiyo maana hata ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu imekuwa na watu wazima. Maurilio De Zolt wa Italia alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya kupokezana mwaka 1994 huko Lillehammer akiwa na miaka 43, katika timu iliyoishinda Norwe nyumbani kwake kwa sekunde 0.4. Hilde Gjermundshaug Pedersen alipata shaba ya kilomita 10 huko Turin mwaka 2006, umri wake 41. Marit Bjørgen aliondoka Pyeongchang mwaka 2018 na medali tano, akiwa na miaka 37.

Kitu kinachomsaliti mzee bila yeye kujua

Skii ya klasiki ina mgongo. Ukiiweka sakafuni haigusi chini katikati; imepinda kama upinde. Ukisimama juu ya skii mbili kwa uzito uliogawanyika, ile sehemu ya katikati inabaki juu ya theluji, nawe unateleza kwenye ncha na mkia. Ukibonyeza mguu mmoja kwa nguvu zote, katikati inashuka, na nta ya kushikia iliyopakwa hapo inaing'ata theluji. Huo mng'ato ndio unaokusogeza mbele.

Ugumu wa mgongo huo huchaguliwa kwa uzito na nguvu za mwenye skii. Sasa fikiria mtu aliyenunua skii nzuri za mashindano akiwa na miaka 58. Anafika 73, amepungua kilo sita, na paja lake si lile. Anabonyeza, mgongo haushuki, nta haigusi theluji, skii inarudi nyuma kila kilima. Anarudi nyumbani akiamini miguu imekwisha. Anaongeza nta, na sasa skii haitelezi. Kumbe angehitaji skii laini zaidi, au zile zenye vipande vya manyoya ya mbuzi chini ya kiatu ambavyo havihitaji nta ya kushikia kabisa. Nalirefusha jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ni watu wangapi wameacha mashindano kwa kosa la mbao mbili wakidhani ni la miili yao?

Kuhusu nta za kutelezea, mambo yamekuwa mepesi kidogo. Nta zenye florini, zilizokuwa ghali mno na zenye kemikali zisizooza katika mazingira, zilipigwa marufuku na FIS katika mashindano yake kuanzia msimu wa 2023/24. Tofauti ya mifuko imepungua. Kilichobaki ni kuisoma theluji, na hasa theluji mbichi ya kwenye nyuzi sifuri, inayogeuka tabia kila wingu linapopita. Hapo mkongwe ana faida.

Moyo

Kuna msemo kwamba ng'ombe hazeeki maini. Moyo wa mwanadamu, kwa bahati mbaya, huzeeka, na watelezaji wa mbio ndefu ndio waliosaidia sana kutuonyesha jinsi unavyozeeka kwa wanaoutumikisha.

Uswidi huweka kumbukumbu nzuri za washiriki wa Vasaloppet na kumbukumbu nzuri za hospitali, na watafiti wameziunganisha. Utafiti mmoja uliwafuatilia zaidi ya washiriki 73,000 wa mbio za 1989 hadi 1998 na kukuta vifo vilikuwa chini ya nusu ya vilivyotarajiwa kwa watu wa umri wao. Ni habari njema, lakini isomwe kwa uangalifu. Anayejiandikisha kwa kilomita 90 za theluji huwa tayari ni mzima, mara nyingi havuti sigara, na ana maisha yanayomruhusu kujiandaa. Mbio hazikumpa yote hayo, alikuja nayo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 kwa kuwaangalia watelezaji 52,755, ulionyesha upande wa pili. Waliomaliza mbio nyingi zaidi, na waliomaliza kwa kasi zaidi, walikuwa na hatari ya matatizo ya mapigo ya moyo iliyozidi ya wenzao kwa karibu asilimia 30. Tatizo kubwa ni lile la vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio. Mara nyingi linatibika, wengi wanaishi nalo, lakini linaweza kuzaa damu iliyoganda na kiharusi.

Habari hizi mbili huwachanganya watu, na kila upande hushika ile inayoupendeza. Hazipingani. Mazoezi makali ya miongo mingi yanaweza kurefusha maisha kwa jumla na wakati huohuo yakatanua vyumba vya moyo kiasi cha kuvuruga umeme wake. Kwa veterani maana yake ni ya vitendo: mapigo yakianza kurukaruka, au kasi ikaporomoka ghafla bila sababu, au kifua kikabana kilimani, mbio zisubiri na daktari atangulie. Kumwambia mzee «umezoea, endelea tu» ni kumkosea.

Baridi nayo ina kodi yake. Hewa kavu ya baridi kali ikivutwa kwa kasi huiudhi mirija ya pumzi, na pumu ya mazoezi imezoeleka miongoni mwa watelezaji wa kila umri. FIS huahirisha mbio joto likishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hatari nyingine inazidi kukua kila mwaka, na wazee ndio wanaoihisi kwanza. Majira ya theluji yanafupika, na mbio nyingi sasa hufanyika kwenye mzunguko mfupi wa theluji ya kutengenezwa na mashine. Theluji hiyo hugandamana usiku, na asubuhi mteremko wenye kona unakuwa kioo. Kijana akianguka hapo anainuka na kujifuta. Kwa mwenye miaka 78 kuanguka kunaweza kumaanisha nyonga, na nyonga katika umri huo ni habari nzito. Nisingemlaumu anayepunguza mwendo kwenye mteremko na kupoteza nafasi tatu.

Safu zenye majina machache

Ukirudi kwenye ile karatasi, utaona safu za F za marika ya juu ni fupi kuliko za M. Mtu anaweza kudhani wanawake wazee hawaupendi mchezo. Ukweli ni mchungu zaidi. Vasaloppet iliwafungia wanawake mlango mwaka 1924 na haikuwafungulia hadi 1981. Katika Olimpiki wanaume walianza kuteleza mwaka 1924 na wanawake 1952. Usawa wa umbali katika Kombe la Dunia umekuja msimu wa 2022/23. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 36 siku aliyoruhusiwa rasmi kusimama kwenye mstari wa Sälen. Wenzake wa kiume walikuwa wameshalimbikiza zaidi ya majira 15 ya mbio. Kwa hiyo ukiona majina manne tu kwenye F11, usihesabu wanne. Hesabu na wale waliozuiwa kuanza. Safu za chini, F4 na F5, tayari ni ndefu, nazo zitapanda juu pamoja na wenyewe.

Juu kabisa, kwenye M13, wakati mwingine kuna watu wawili. Wakati mwingine mmoja. Nimesikia ikisemwa kwamba medali hiyo ni ya bure: umri umewamaliza wapinzani, mtu anavuka mstari peke yake na kuvishwa dhahabu. Msemo huo haunipendezi, na sio kwa sababu ya huruma. Ni kosa la hesabu. Mbio zile hazikuanza asubuhi ile. Ukitaka kuwaona walioshindana naye, iweke pembeni karatasi ya mwaka huu na utafute ya miaka 20 iliyopita. Fungua M9, wenye 70 hadi 74, umtafute yeye, pengine katikati ya ukurasa, pengine wa ishirini na kitu. Kisha yasome majina yaliyoko juu yake, moja baada ya jingine. Baadhi magoti yaliwagomea, baadhi waliuguza wake zao na hawakurudi tena njiani, baadhi wametangulia mbele za haki. Halafu rudi kwenye karatasi ya sasa, ukurasa wa mwisho, umuone bado yuko, na muda wake umeandikwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde.